Maji ya Mgodini: Namna Yanavyopimwa Yanapoingia na Yanapotolewa

Mgodi wa chini ya ardhi unapochimbwa kupita usawa wa maji yaliyohifadhiwa miambani, hugeuka kuwa mfano wa kisima kikubwa. Maji hufuata nyufa za miamba, huchuruzika kutoka darini na katika kuta za mahandaki, kisha hukusanyika katika sehemu ya chini kabisa, ambako ndiko uchimbaji unakoendelea. Yasipotolewa kwa pampu usiku na mchana, mgodi hujaa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa haidrojiolojia hupima maji yanayoingia na yanayotoka. Vipimo hivyo vinagusa maisha ya wachimbaji, lakini vinawahusu pia wakazi wanaoteka maji katika visima vya jirani na wale wanaotumia mto unaopokea maji ya mgodi.

Kiasi cha maji hutofautiana sana. Baadhi ya migodi huwa mikavu kiasi kwamba maji ya kazi hulazimika kupelekwa kwa bomba. Upande wa pili upo mgodi wa shaba wa Konkola, mjini Chililabombwe nchini Zambia, unaohesabiwa miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Huko hutolewa takriban mita za ujazo 300,000 kwa siku, na uzito wa maji hayo unazidi kwa mbali uzito wa mawe ya shaba yanayopandishwa juu.

Hapa Tanzania, kumbukumbu chungu zaidi ni za Mirerani, wilayani Simanjiro, ambako wachimbaji wa tanzanaiti walipoteza maisha kwa mafuriko mwaka 1998 na tena Machi 2008. Maafa hayo yalisababishwa na mvua kubwa, si maji ya miambani, na tofauti hiyo ina maana kwa mpimaji. Maji ya mvua huingia kwa saa chache, ilhali maji ya miambani huweza kuongezeka polepole kwa miezi. Aidha, mahandaki ya Mirerani mara nyingi hukutana chini kwa chini, hali ambayo wachimbaji huiita mtobozano, hivyo maji yaliyoingia katika shimo moja yanaweza kutokea katika shimo la jirani. Kupima shimo moja peke yake hakutoshi.

Njia rahisi kuliko zote ni ndoo na saa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye ufa hukingwa katika chombo cha ujazo unaojulikana, na muda wa kujaa huandikwa. Mtiririko ukizidi uwezo wa ndoo, hujengwa kizuizi katika mfereji wa handaki, chenye bamba la chuma lililokatwa umbo la herufi V. Mpimaji husoma kimo cha maji juu ya ncha ya mkato huo, akisimama hatua kadhaa nyuma ya bamba, kwa kuwa maji huanza kuinama yanapokaribia ukingo. Kwa mkato wa nyuzi 90, kimo cha sentimita 10 huonesha takriban lita 4.4 kwa sekunde. Kimo kikifika sentimita 20, mtiririko huwa takriban lita 25, yaani zaidi ya mara tano, ingawa kimo kimeongezeka mara mbili tu. Kosa dogo la kusoma rula, au tope lililojaa nyuma ya bamba, huharibu hesabu yote.

Upande wa maji yanayotoka, migodi mingi huzidisha saa za kazi za pampu kwa uwezo ulioandikwa na kiwanda. Hesabu hiyo ni rahisi lakini haiaminiki, kwa kuwa pampu iliyochakaa kwa mchanga hutoa pungufu. Ni bora kufunga mita katika bomba. Mahali pasipo na mita, pampu huzimwa kwa muda na kupanda kwa maji katika bwawa la kukusanyia hupimwa. Bwawa lenye eneo la mita za mraba 50, maji yakipanda sentimita 12 kwa dakika 10, linapokea lita 10 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 864 kwa siku.

Hata hivyo, maji yanayopandishwa na pampu si yote yaliyotoka miambani. Sehemu yake ni maji yaliyoteremshwa kwa ajili ya kuchoronga miamba na kutuliza vumbi. Kwa upande mwingine, sehemu ya maji ya miambani haipiti katika pampu kabisa: hutoka ikiwa unyevu ndani ya mawe, au mvuke katika hewa. Mfumo unaopitisha mita za ujazo 200 za hewa kwa sekunde, kila mita ikibeba gramu 10 za unyevu zaidi ya ilivyoingia nao, huondoa takriban mita za ujazo 173 za maji kwa siku bila mtu kuyaona. Chukulia mgodi uliotoa kwa pampu mita za ujazo 1,500, mvuke 170 na unyevu wa mawe 30, huku ukiwa umeteremsha 600. Maji ya miambani ni 1,100, si 1,500. Mabwawa ya ndani yakiwa yameongezeka 50 siku hiyo, jumla huwa 1,150.

Takwimu ya siku moja ina thamani ndogo. Mfululizo wa siku ndio unaosema. Maji yakiongezeka ghafla baada ya kulipua baruti, huenda ufa mpya umefunguliwa, na watu hupaswa kuondolewa kabla ya chanzo kuchunguzwa. Yakiongezeka siku chache baada ya mvua, kuna njia ya kutoka juu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, utumiaji wa maji na utiririshaji wa majitaka huhitaji vibali, na Bodi za Maji za Mabonde ndizo zenye dhamana katika maeneo yao. Kiasi ni muhimu sawa na ubora. Maji yenye miligramu 5 za kemikali kwa lita, yakitolewa mita za ujazo 1,000 kwa siku, hupeleka mtoni kilo 5. Yakiwa mita 10,000, hupeleka kilo 50, ingawa kipimo cha maabara ni kilekile.

Kwa wananchi wanaoishi karibu na migodi, kisima kinachopungua maji huweza kutokana na ukame, matumizi makubwa, au pampu za mgodi, na kinachotenganisha sababu hizo ni kumbukumbu. Kamba yenye uzito, iliyotiwa alama kila nusu mita, inatosha kupima kina cha maji. Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla ya watu kuanza kuteka, kiandikwe pamoja na tarehe, na mabadiliko yasiyo ya kawaida yawasilishwe kwa serikali ya kijiji na ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde husika.