Kwa Nini Geji Mpya Husema Tangi Limejaa Wakati Limekauka

Msomaji wetu wa Iringa ana pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, na ameamua kuipamba ndani. Dashibodi iliyopasuka kwa jua ameivalisha ngozi mpya, taa za geji zilizofifia sasa zinawaka buluu, na geji alizoagiza mtandaoni zimekaa mahali pa zile za kiwandani. Kila kitu kimependeza ila jambo moja: akijaza tangi, mshale wa mafuta unalala chini kabisa, mafuta yakikaribia kwisha, unapanda hadi juu. Fundi umeme amekagua nyaya zote, hakuna kilichobadilika. Anauliza, geji ni mbovu?

Si mbovu. Imeozeshwa boya lisilo lake. Habari za ngozi na rangi nawaachia mafundi wa viti. Mimi nataka tuifungue ile geji kuukuu aliyoitupa, maana ndani yake mna kitu kizuri kuliko taa zote za buluu.

Ndani ya tangi boya hupanda na kushuka pamoja na mafuta, na mkono wake husugua waya wenye ukinzani. Katika Hilux nyingi za enzi hizo, tangi likiwa tupu ukinzani huwa karibu omu 110. Likijaa hubaki omu chache tu. Kwa hiyo mafuta yakiongezeka, umeme mwingi zaidi hupita. Lakini geji nyingi za zamani haziupimi umeme huo moja kwa moja. Hupima joto lake.

Waya mwembamba umezungushwa kwenye utepe wa metali mbili zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Metali hizo hazirefuki sawa zikipata joto. Fito ya chuma cha pua yenye urefu wa mita 1 ikiongezewa nyuzi 100 hurefuka kama milimita 1.2; ya shaba ya manjano hurefuka kama milimita 1.9. Sasa wafikirie maksai wawili chini ya nira moja. Wakilingana mwendo, plau huenda sawa. Mmoja akiongeza hatua na mwenzake akabaki na zake, hawezi kumwacha kwa kuwa nira imewashika shingo, basi wote wawili hupinda kuelekea upande wa yule mzito. Shaba ndiye maksai mwepesi, chuma ndiye mzito, na joto ndilo kiboko. Kiboko kikizidi, mpindo unazidi, na mshale ulioshikizwa mwishoni unapanda.

Ila jua la mchana nalo ni kiboko. Pikapu ikiegeshwa nje saa saba, maksai wangechapwa bila mafuta kuongezeka hata lita moja, na mshale ungedanganya. Watengenezaji walilijua hilo, wakaukunja utepe uwe na umbo la U: jozi mbili za maksai, kila moja ikivuta kinyume cha nyingine. Jua huzichapa zote mbili, na mvuto wa hii hufuta mvuto wa ile. Waya wa kupasha umezungushwa kwenye mkono mmoja tu, kwa hiyo umeme huchapa jozi moja peke yake, na mshale husogea kwa ajili ya mafuta tu.

Kitu hiki tukiiteje? Nilifikiria “metali pacha”, lakini mapacha hufanana, na hawa wawili wanafaa kwa sababu hawafanani. Nitauita utepe-nira mpaka aje mwenye jina bora. Aliyeubuni ni John Harrison, seremala Mwingereza aliyegeuka fundi saa. Aliutia katika saa yake ya tatu ya baharini, aliyoanza kuiunda mwaka 1740, ili joto na baridi visiiharakishe wala kuichelewesha.

Uzuri mwingine wa utepe-nira ni uvivu wake. Washa swichi uone: mshale hupanda pole pole, kwa kuwa metali huchukua muda kupata moto. Kwenye barabara ya mashimo mafuta hurukaruka tangini, lakini mshale hutulia, kwani kabla utepe haujapoa kwa mruko mmoja, mruko mwingine umeupasha tena. Geji za kisasa za koili huitika papo hapo, hivyo huhitaji kitu kingine cha kuzituliza zisicheze ngoma.

Turudi Iringa. Kila mtengenezaji alichagua kipimo chake. General Motors kwa miaka mingi walitumia omu 0 kwa tangi tupu na 90 kwa lililojaa. Ford wa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 walitumia 73 kwa tupu na 10 kwa lililojaa. Ukiipa geji ya mtindo wa General Motors boya la Hilux, omu 110 za tangi kavu itazisoma kuwa tangi limefurika. Kuna hatari nyingine pia: waya ukikatika, geji ya Hilux hukosa umeme na kuonyesha tupu, ukakimbilia kituo cha mafuta bure. Ya 0 hadi 90 hupanda juu kabisa, ukakwama porini ukiwa na matumaini.

Kwa hiyo badilisha uso wa geji, uache utumbo wake. Au ununue geji inayoendana na boya lililomo. Taa za LED hazina neno, ila balbu ya chaji iache: katika magari mengi ya zamani mkondo unaopita humo ndio huiamsha oltaneta, na LED hupitisha kidogo mno.

Kabla ya kununua, zima swichi, chomoa waya wa boya, upime ukinzani tangi likiwa tupu na likiwa limejaa. Mpelekee muuzaji namba hizo mbili, umuulize kama geji yake inazikubali. Akikujibu kwa kusifia rangi ya taa, rudisha pesa mfukoni.