Goti la Mbwa wa Mfugaji

Kongwa ni wilaya ya mifugo. Hata mashamba yaliyofyekwa kwa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, yaligeuzwa ranchi baada ya mradi kushindikana. Vijijini, kuanzia Mlali hadi Mkoka, mbwa ndiye mlinzi wa zizi. Akichechemea mguu wa nyuma, kwanza hutafutwa mwiba. Usipoonekana, naye akawa anagusisha ncha za vidole tu akisimama, na akikaa anautupa mguu pembeni, huenda kano la goti limekatika.

Kano hilo huunganisha mfupa wa paja na muundi, likiuzuia muundi usiteleze mbele. Mcheza mpira hulichana kwa kugeuka ghafla. Kwa mbwa, mara nyingi huwa limechakaa kwa miezi, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka siku anaporuka kamtaro kadogo likamalizika. Umbile nalo linachangia: kichwa cha muundi wa mbwa kimeinama kuelekea nyuma kwa takriban digrii 25, kwa hiyo kila akikanyaga, uzito husukuma muundi mbele. Daktari huligundua kwa mikono yake: mmoja anashika paja, wa pili anasukuma muundi. Ukiteleza, jibu limepatikana.

Kulitibu kumewashughulisha wapasuaji kwa miongo mingi. Mwaka 1952, Saki Paatsama wa Finland alieleza jinsi ya kutengeneza kano jipya kwa ukanda wa utando wa paja, uliopitishwa kwenye matundu ya mifupa. Mwaka 1970, DeAngelis na Lau wa Marekani waliweka uzi imara nje ya kiungo, na mwaka 1975 Gretchen Flo akaiendeleza njia hiyo. Siku hizi nailoni nene huzungushwa nyuma ya kijifupa kilicho nyuma ya goti, ikafungwa kwenye tundu lililotobolewa mbele ya muundi. Nailoni hiyo baadaye hulegea, hata kukatika. Haidhuru: kufikia hapo, nyama zinazozunguka goti zimeshafanya kovu gumu, na kovu ndilo linaloshika.

Barclay Slocum wa Oregon alikuja na wazo la ujasiri zaidi, alilolichapisha 1993. Kano aliliacha. Alikata muundi kwa msumeno wa duara, akauzungusha mpaka mwinamo ukabaki kama digrii 5, kisha akaukaza kwa bamba la chuma na skrubu. Ni upasuaji mzuri kwa mbwa wakubwa, lakini unataka eksirei, vifaa maalumu na fedha.

Kwa mfugaji wa Kongwa, naona swali la kwanza ni kilo. Utafiti wa Philip Vasseur wa 1984 ulionyesha kwamba mbwa wasiozidi kilo 15, takriban 86 kati ya 100, walipona au kupata nafuu bila kisu. Kwa waliozidi uzito huo, waliopona au kupata nafuu walikuwa 19 tu kati ya 100.

Basi mpime: panda mizani umembeba, kisha toa uzito wako. Akiwa mdogo, mfunge kwa wiki kadhaa, atembee kwa kamba tu. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni. Huharibu tumbo na figo zake. Akiwa mzito, mwone daktari wa mifugo mapema. Kutoka Kibaigwa barabara ya lami inafika Morogoro, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na uuangalie mguu wa pili, kwani karibu nusu ya mbwa hawa huja kukatika kano la upande huo pia.