Chombo Kipya na Wenye Kukitumia

Wapo wanaodhani kwamba chombo kipya kikishafika, kazi imekwisha. Historia ya Vita Kuu ya Pili inatufundisha vingine.

Mwezi Novemba 1944, Kikosi cha 416 cha ndege za mabomu cha Marekani, kilichokuwa Melun, Ufaransa, kiliacha ndege zake za A-20 na kupokea A-26 za kampuni ya Douglas. Ndege hiyo, iliyoruka kwa mara ya kwanza Julai 1942, ilikuwa na injini mbili, kila moja yenye nguvu za farasi 2,000, na tumboni ilichukua ratili 4,000 za mabomu. Kwa kuwa A-20 nayo iliendeshwa na rubani mmoja, marubani hawakulazimika kujifunza kazi upya. Taabu ilitokea kwingine. Ndege nyingi walizopewa zilikuwa na pua iliyojaa bunduki, isiyo na nafasi ya mlenga mabomu. Zenye pua ya kioo zilikuwa bado haba. Ikabidi A-20 zenye pua ya kioo zibakizwe ziongoze misafara, na A-26 zifuate na kuangusha mabomu kwa ishara yao. Kikongwe akamwongoza kijana, wala hapakuwa na aibu.

Miezi michache kabla ya hapo, huko New Guinea, marubani wa Kikosi cha 3 walipewa ndege nne za aina hiyo wazijaribu. Wao walizoea kushambulia wakiruka karibu na vilele vya miti. Wakalalamika kwamba injini zinawazuia kuona pembeni. Jenerali George Kenney aliwasikiliza, akaikataa ndege hiyo. Naam, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baadaye kiwanda kilikiunda upya kifuniko cha kioo cha rubani, kikainuliwa ili aone vema.

Lakini hatuwezi kuisifu ndege hii tukanyamaza kuhusu mengine. Mwaka 1964 ndege za ukoo huo huo, zilizowahi kuwapiga Wanazi, zilionekana katika anga ya Kongo. Zilirushwa na Wakuba walioyakimbia mapinduzi ya kwao, kwa mpango wa shirika la ujasusi la Marekani, kuwapiga wapiganaji wa Simba mashariki ya nchi hiyo. Chuma kilikuwa kile kile; aliyebadilika ni mwenye kukituma.

Kwa hiyo, kila tunapoletewa mtambo, uwe wa shambani, kiwandani au jeshini, hapana budi tuulize maswali mawili. Je, wale watakaoutumia wamesikilizwa? Na je, utamtumikia nani? Kiongozi asiyeuliza la kwanza atapoteza mali ya umma. Asiyeuliza la pili anaweza kuupoteza umma wenyewe.