Mwaridi Uliogeuka: Sababu Yake na Namna ya Kuuzuia



Pengine ulinunua mche wa mwaridi kwa fedha yako, ukaupanda mbele ya nyumba, nao ukachanua maua makubwa mekundu sana, yenye harufu ya kuujaza ua mzima. Mwaka wa tatu ukaona vishada vya maua madogo meupe, yasiyofanana kabisa na yale ya kwanza. Majirani husema udongo umeukataa, au umepatwa na kijicho. Sivyo. Mwaridi wako haukugeuka, bali umesongwa mpaka ukafa, na mwingine umekalia kiti chake.

Yafaa ujue asili yake. Miwaridi ya namna hii huitwa haibridi-tii, nayo ni uzao wa waridi la Ulaya na waridi la Uchina ambalo harufu yake ilifananishwa na majani ya chai. La kwanza huhesabiwa kuwa La France, lililotoka kwa Guillot wa Ufaransa mwaka 1867. Katika yale mekundu yenye harufu kali, lenye sifa kubwa ni Crimson Glory, alilolitoa Kordes wa Ujerumani mwaka 1935. Baadaye yalifuata Papa Meilland ya Ufaransa, mwaka 1963, na Mister Lincoln ya Marekani, mwaka 1964.

Basi mingi ya miwaridi hiyo haina mizizi yenye nguvu. Kwa sababu hiyo watunza vitalu huchukua jicho lake na kulibebesha juu ya shina la mwaridi mwingine, ulio mkali kama wa mwituni. Katika mashamba ya maua ya Kenya, kwa mfano, shina liitwalo Natal Briar hutumika sana. Hivyo mche ulionunua ni miti miwili: chini mtumishi, juu bwana. Mtumishi akiachwa atoe matawi yake mwenyewe, huyalisha hayo kwanza, na bwana hufa njaa.

Ninyi wa milima ya Tarime mliozoea kahawa mwajua kazi ya kuondoa maotea. Lakini angalieni tofauti: otea la kahawa ni kahawa ile ile, na ukiliacha utavuna. Otea la mwaridi litokalo chini ya kiungo ni mti mgeni.

Tafuta kiungo, ni uvimbe karibu na ardhi. Usitegemee kuhesabu majani tu, kama wengi wafundishavyo, maana hesabu hiyo hudanganya. Fukua udongo kwa mkono, ufuate tawi unalolishuku mpaka litokapo. Likitoka juu ya uvimbe, liache. Likitoka chini yake, ling'oe kwa kulivuta kwa nguvu. Usilikate kwa kisu, kwa kuwa macho yaliyobaki kwenye kisiki yatachipua tena, na mara nyingi kwa wingi kuliko kwanza. Tazama hivi kila mwezi wakati wa mvua.

Tena, usilime kwa jembe karibu na shina. Mzizi uliojeruhiwa hutoa maotea. Palilia kwa mkono, ukatandaze nyasi kavu na samadi iliyooza, lakini visiguse shina.

Wengine huuliza kama waweza kupanda kipande cha ua lililonunuliwa dukani. Huenda kikaota, lakini mawaridi mengi ya biashara, kama yale ya Naivasha na Arusha, yalichaguliwa kwa kustahimili safari na kukaa siku nyingi katika chombo, si kwa harufu. Heri uombe kwa jirani ambaye ua lake umelinusa mwenyewe. Mvua zianzapo, kata tawi lililokwisha kuchanua, nene kama kalamu, urefu wa inchi 8, uchomeke theluthi mbili udongoni penye kivuli. Mche huo husimama juu ya mizizi yake mwenyewe. Hukua polepole, na baadhi hufa, lakini otea lake lolote ni mwaridi ule ule.

Mahali nako kuna maana. Huko Mugumu na nchi ya chini ya Serengeti, jua la mchana huunguza kingo za maua mekundu sana. Panda upande wa mashariki wa nyumba, upate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Milimani Tarime, penye ubaridi na mvua nyingi, adui ni madoa meusi ya majani: panda penye hewa, mwagilia chini si juu ya majani, okota yaliyoanguka uyachome.

Sikushauri ung'oe mahindi wala migomba kwa ajili ya maua. Miche mitatu karibu na jiko yatosha, nayo hunyweshwa maji ya kuoshea mboga. Izungushie miiba, maana mbuzi hawaogopi ya mwaridi. Ukitaka kukata maua, kata asubuhi kabla ya jua kupanda, maana joto la mchana huipeperusha harufu.