Kijana Akienda Nairobi

Wenzetu wa vikundi, vijana wetu wengi huondoka hapa Kariandusi kwenda Nairobi kutafuta kazi. Tumewauliza waliokaa huko, na shauri lao ni hili:

1. Nauli. Muulize makanga kabla ya kupanda. Jioni ama mvua ikinyesha, nauli hupanda.

2. Nyumba. Mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi pamoja na diposti. Usilipe kabla ya kuona chumba na choo, na kuwauliza wapangaji maji hutoka siku gani.

3. Kazi. Mtu akitaka pesa ya fomu ama ya chai ndio akuandike kazi, ondoka. Wengi wameliwa hivyo.

4. M-Pesa. Soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali. Ukikosea namba, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

5. Mzigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017. Beba viazi kwa kiondo.

Tunaomba kila kikundi kiwe na namba ya mwenyeji mwaminifu huko, na kijana asiondoke bila nauli ya kurudi. Kuuliza si ujinga.