Mtafiti au tapeli? Anza na barua

Watu wa Inyonga hawashangai kuona mtafiti. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele, umezungukwa na miombo, na watu wa nyuki na wa misitu wameshafika hapa na madodoso yao. Upenyo wa tapeli ndio huo. Akija na kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi, mrina asali atamvutia kigoda.

Wengi hujigamba kwamba tapeli watamjua akifungua mdomo tu. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi kuhusu uwezo wa watu kutambua uongo, na wastani wa kupatia ukawa asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Nami niliyezeeka na madodoso sijioni mjanja zaidi.

Basi achana na sura yake, uliza amepitia wapi. Mtafiti wa kweli hashuki kwenye basi la Tabora na kuanza kupiga hodi. Barua yake hutoka chuoni au Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), hupita mkoani na wilayani, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Utafiti wa afya huhitaji pia kibali cha maadili, kama kile cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Akishaketi, kabla ya swali la kwanza atakusomea fomu ya ridhaa, na humo imeandikwa kwamba unaweza kukataa, au kuacha katikati.

Kisha sikiliza anachotaka. Idadi ya mizinga na bei ya asali ni maswali ya utafiti. Namba ya siri ya simu si swali la utafiti wowote, wala hakuna "ada ya usajili" ili ulipwe posho.

Penye utata ni dole gumba. Asiyejua kuandika huliweka kwenye fomu ya ridhaa, kwa wino, juu ya karatasi, na hilo ni halali. Kuliweka kwenye mashine huku ukitaja namba ya NIDA ni jambo jingine: tangu 2019 laini za simu husajiliwa hivyo, na laini iliyofunguliwa kwa jina lako ndiyo kesho itamwandikia mtu "ile hela tuma kwa namba hii".

Kama umeshaweka dole, piga *106# uone ni laini ngapi zinasomeka kwa kitambulisho chako. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.