Kamba Siyo Tiba
(Pombe na Dawa za Kulevya Kibumba: makala ya pili)

Katika makala ya kwanza tuliona jinsi kanyanga, pombe yetu kali ya kienyeji, inavyomkamata mtu kidogo kidogo, mpaka inafika asubuhi mikono yake haiwezi kushika jembe kabla hajapata kikombe. Sasa tunakuja kwenye swali la familia: mtu huyu tumfanyeje?

Katika familia nyingi za kwetu jibu linajulikana. Kaka na wajomba wanakutana, wanamkamata akiwa hoi, wanamfungia chumbani au kumfunga kamba, wanasubiri pombe imtoke. Wengine wanampeleka chumba cha sala, akae huko siku tatu kwa mfungo. Wanafanya hivyo kwa kumpenda, na kwa kuchoka pia: viazi vinalimwa, vinauzwa Goma, fedha inaishia kwenye kabare za pombe. Sitawalaumu. Lakini nianze na jambo hili kwa sababu linahusu uhai: mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatiwa pombe ghafla bila uangalizi, anaweza kufa.

Vijana wa chukudu, baiskeli zetu za mbao, wataelewa upesi. Ukisukuma chukudu yenye magunia kupanda kutoka Goma kuja Kibumba, unaegemea mbele kwa nguvu zote za mwili. Magunia yakidondoka ghafla, unatupwa kifudifudi, na aliyekuangusha ni nguvu zako mwenyewe. Pombe ni mzigo wa namna hiyo. Kazi yake ni kuupoozesha ubongo, na ubongo uliolemewa kila siku kwa miaka hujifunza kusukuma zaidi ili mtu aweze kusimama na kusema. Siku pombe inapoondolewa, msukumo ule unabaki bila mzigo.

Ndiyo maana saa 6 hadi 8 baada ya kikombe cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka hata katika baridi ya Kibumba, moyo hupiga mbio, tumbo hukataa chakula. Kati ya saa 6 na saa 48 mtu anaweza kuanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho maishani. Kisha, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne, wachache wanaingia katika hali mbaya kuliko zote: mwili unachemka, mtu hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anazungumza na watu ambao hawapo. Hapo ndipo familia husema ni pepo au amerogwa, na kamba inakazwa zaidi. Hali hiyo ni ugonjwa, ina jina katika vitabu vya udaktari na ina dawa. Isipotibiwa inaua.

Mahali pa karibu panapojulikana kwa matibabu ya namna hii ni Goma, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya Rutshuru, katika kituo cha afya ya akili kiitwacho Tulizo Letu. Kinaendeshwa na mafurere wa shirika la Frères de la Charité, lililoanzishwa mwaka 1807 katika mji wa Ghent, ambao leo uko Ubelgiji. Shirika hilohilo liko nyuma ya kituo cha Sosame cha Bukavu na hospitali ya Ndera karibu na Kigali. Najua kinachowazuia watu kufika: wanaogopa wakionekana kwenye lango lile wataitwa wazimu. Mimi naona ni bahati kwamba mlevi na mgonjwa wa akili wanapokelewa chini ya paa moja, na sababu yake nitaieleza.

Kazi ya kituo huanza kwa maswali, kabla ya sindano yoyote. Unakunywa nini, kiasi gani, ulikunywa lini mara ya mwisho? Umewahi kuanguka kifafa ulipokosa pombe? Kuna bangi, kuna vidonge? Shirika la Afya Duniani lilitunga maswali 10 yanayotumika nchi nyingi, kila jibu likipewa alama, jumla isizidi 40. Aliyepata 8 na kuendelea yuko hatarini; aliyefikisha 20 inaelekea ameshatekwa. Ni maswali mepesi. Muuguzi wa kituo cha afya cha kijijini anaweza kuyauliza kwa Kiswahili au Kinyarwanda kwa dakika chache, wala hahitaji mashine.

Baada ya hapo mwili unatulizwa. Dawa inayotumika zaidi ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Hutolewa kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, kwa muda wa wiki moja hivi, ili mzigo wa chukudu ushushwe gunia kwa gunia. Pamoja nayo mgonjwa hupewa vitamini B1, kwa kuwa mlevi wa muda mrefu hali vizuri na tumbo lake halinyonyi vitamini hiyo. Mwenye upungufu mkubwa huchomwa B1 kabla ya kuwekewa seromu ya sukari. Mpangilio huo ukigeuzwa, ubongo unaweza kuumia na kumbukumbu isirudi. Naeleza haya kwa kirefu ili mtu asije akanunua diazepamu farmasi akamtibu ndugu yake nyumbani. Dawa hiyo nayo huteka, na ikichanganywa na kanyanga inaweza kuzima pumzi.

Wiki hiyo ikiisha mgonjwa anakula, analala, anacheka. Familia inashangilia na kutaka kumrudisha nyumbani. Hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa sababu kilichofanyika mpaka hapo ni kumtoa pombe mwilini tu. Matibabu yenyewe yanaanza sasa, na sehemu kubwa yake ni mazungumzo.

Mazungumzo hayo siyo mahubiri. Mlevi ameshasikia mahubiri ya mke, ya mchungaji, ya chefu, ya watoto wake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alieleza njia ambayo leo inafundishwa dunia nzima: mshauri anauliza na kusikiliza, mpaka mgonjwa ataje kwa kinywa chake anachokipoteza na anachokitaka. Mtu hushikilia zaidi neno alilolisema mwenyewe. Halafu wanapanga pamoja mambo madogo ya kila siku: siku ya soko atapita njia gani ili asipite mbele ya kabare, nani atashika fedha ya kabichi, rafiki akimwita “njoo kidogo tu” atamjibu nini. Kuna pia kikao cha familia, ambapo mke anasema bila kukatizwa. Katika vikundi, waliokwisha kuacha hukaa na wanaoanza. Desturi hiyo ilienea duniani kupitia chama cha Walevi Wasiojulikana, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, na haihitaji zaidi ya viti na ukweli.

Sasa nirudi kwenye suala la paa moja. Kibumba imeona watu wakikimbia mara nyingi mno. Mwaka 1994 ilipokea umati wa wakimbizi wa Rwanda juu ya mawe ya volkeno yasiyo na maji, kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Vita vilipita hapa 2012 na 2013. Mwishoni mwa 2022 wenyeji wenyewe wakashuka na magodoro kichwani mpaka Kanyaruchinya, wakaishi chini ya maturubai. Wengi walirudi Februari 2025, kambi zilipovunjwa. Mtu aliyeona aliyoyaona njiani hapo, akigundua kwamba kikombe cha kanyanga kinampa usingizi, atakunywa tena kesho. Ukimtoa pombe bila kuugusa usingizi ule uliojaa milio ya risasi, umemnyang'anya dawa yake ya pekee bila kumpa nyingine. Kwa hiyo kituo chenye daktari wa akili na mshauri wa pombe pamoja kinatufaa sisi kuliko kile kinachotibu chupa peke yake.

Juu ya bangi nitasema machache. Kuiacha hakuui, wala haina dawa yake maalumu. Mazungumzo ndiyo matibabu. Ila kijana anayevuta na kuanza kusikia sauti apelekwe upesi. Vidonge vya tramadoli ni jambo jingine: viko katika jamii moja na heroini, na anayeviacha huumwa mwili mzima kama mwenye homa kali. Kwa heroini yenyewe, Tanzania ilianza kutoa dawa ya methadoni katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011. Lakini tatizo kubwa la milima yetu ni kikombe.

Ipo pia dawa ya kumsaidia aliyekwisha kuacha, disulfiramu, ambayo watafiti wa Denmark walitangaza kazi yake dhidi ya pombe mwaka 1948. Anayeitumia akionja pombe uso huwaka, moyo hupiga mbio na kutapika humshika. Inafaa kwa aliyeichagua mwenyewe na anayepimwa na daktari. Kumtilia mtu kwenye chakula bila yeye kujua ni hatari kubwa. Moyo unaweza kusimama.

Mwisho kuna kurudi nyumbani. Wengi huanguka tena katika miezi ya mwanzo. Kituo kizuri hukitazamia kisa hicho, humpa mgonjwa tarehe ya kurudi, tena na tena, na hakimpokei kwa matusi akirudi ananuka. Tungeomba familia nazo zifanye hivyo. Aliyeacha pombe miezi mitatu, akanywa siku mbili, akarejea kwa mshauri, bado yuko katika matibabu, sawa na mwenye kisukari ambaye sukari imempanda.

Basi, ndugu wa Kibumba, mama mwenye mume wa kanyanga na wewe mzee unayeitwa kuamua, kamba iwekeni chini. Akianza kutetemeka, asiachwe peke yake. Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mtafuteni mtu wa pikipiki. Kama Goma ni mbali kwa siku hiyo, anzeni na kituo cha afya cha karibu. Na mkifika, kabla ya maneno mengine yote, mwambieni muuguzi saa aliyokunywa mara ya mwisho.